Aliyeachwa Koo la Farasi

Injini ilikohoa mara moja.

Nilikuwa macho, nimekunja magoti kwa sababu ya tumbo, nikaisikia. Huku kwetu Yakutia, kaskazini ya mbali ya Urusi, kuanzia Novemba hadi Machi, hakuna anayezima gari. Ukilizima jioni, asubuhi unakuta kilima cha chuma. Lori la baba lilinguruma uani usiku na mchana, na mngurumo wake ulikuwa kama pumzi ya nyumba. Tulilala nao, tukaamka nao. Usiku ule pumzi ilikatika, ikakohoa, ikaendelea. Nyuma ya pazia nilimsikia mama akiuliza kuna nini. Baba akasema hamna kitu, dizeli tu, ina uchafu kidogo. Akageuka upande wa pili, akalala.

Asubuhi ilikuwa ya kawaida. Kipimajoto cha dirishani kilisema hamsini na mbili chini ya sifuri. Mama alipasua bonge la barafu kwa shoka, akaliweka sufuriani liyeyuke kuwa chai. Baba alikaa pembeni ya kitanda changu na buti zake za ngozi ya paa wa theluji, akanitania kwamba ninaumwa kila siku ya mtihani wa hesabu, na kwamba mwalimu wangu amekwishaugundua ugonjwa wenyewe. Nilicheka. Kicheko kikanikata kama kisu. Baba akaacha kutania.

Nilikuwa na miaka tisa.

Muuguzi wa kijiji alikuja, akanibonyeza tumbo kwa vidole vya baridi, akasema ni kidole tumbo. Hospitali yenye daktari wa kupasua iko mjini, kilomita mia tatu na arobaini. Helikopta ilikuwa haijaruka kwa siku nne, kwa sababu ya ule ukungu wa baridi unaolala ardhini ukakataa kuondoka. Alimwita mama ukumbini na kushusha sauti, lakini nyumba yetu haikuwa na mahali pa kufichia maneno. Nilisikia yote. Alisema mtoto apasuliwe kabla ya kesho asubuhi. Akasema, "Na maumivu yakikoma ghafla, msifurahi. Kitakuwa kimepasuka."

Lori haliendi peke yake majira ya baridi. Huenda mawili mawili, ili moja likifa lingine liwabebe watu. Mwenzake baba alikuwa mgodini, arudi baada ya siku mbili. Baba alisema hatuna siku mbili. Akafuta kioo, akapakia jiko la kupashia tangi, shoka, ngozi tatu za farasi, akanibeba.

Tulipofika getini, Bibi Ogdo alikuwa amesimama kwenye theluji.

Bibi Ogdo alikuwa jirani yetu. Mwanawe, Botur, alikufa kwa baridi barabarani majira kumi na moja ya baridi kabla ya siku ile, akiwa na miaka ishirini na mbili. Hakuna mtoto kijijini asiyeijua habari yake. Ekseli ya lori lake ilikatika mlimani, mahali panapoitwa Koo la Farasi. Alifanya kama madereva wote wafanyavyo wakikwama: alichoma matairi, moja baada ya jingine, apate joto hadi gari jingine litokee. Aliyemkuta alihesabu pete kumi za waya, zile zinazobaki tairi likiungua, juu ya theluji, zimepangwa mstari mmoja. Alipoishika ya kumi, ilimuunguza kupitia glavu. Yaani Botur alikosa wa kumwokoa kwa muda wa chai kupoa.

Lakini hilo silo lililomtesa mama yake. Mkononi mwa maiti palikuwa na chapati ya maji, ile ya kukaangwa kwa siagi. Imeumwa mara moja.

Kwa hiyo kuna aliyepita. Kuna aliyemfikia, akamtupia chapati kutoka dirishani, akaenda zake. Na kwetu aliye hai hatupiwi chakula. Kwa aliye hai unasimamisha gari. Ndiyo sheria pekee ambayo mwizi na polisi wote wanaifuata barabarani, kwa sababu leo ni yeye na kesho ni wewe. Chakula cha dirishani hutupiwa wafu. Na madereva wa zamani walikuwa na maneno yao kuhusu Koo la Farasi: kwamba kuna mtu hupunga mkono kando ya moto, na hukuita kwa jina lako, na ukiitika unabaki naye. Dawa yake ni kumtupia kitu cha kula na kukanyaga mafuta.

Kijiji kizima kilielewa kilichotokea. Mtu alimwona kijana aliye hai, akamdhania mzimu. Kilichokosekana ni jina la mtu huyo.

Majira yale ya kwanza Bibi Ogdo aliichukua ile chapati, akaizungusha nyumba kwa nyumba, akawauliza wanawake mkono huu ni wa nani. Kila mmoja alisema si wangu. Mama naye alisema si wake. Bibi akaifunga kwa skafu ya mwanawe, akaiweka katika shimo lake la barafu chini ya ardhi, mahali ambapo kitu hakiozi. Ipo hadi leo. Nami niseme jambo moja ambalo nililifikiria nikiwa mkubwa: nyumbani kwetu hatukuwahi kula chapati za maji. Nilizijua kwa majirani.

Bibi Ogdo aliweka kiganja kitupu juu ya mlango wa lori. Nilishangaa ngozi yake haikunata kwenye chuma kilichoganda. Hakumtazama baba. Alimtazama mama, akasema, "Mwanangu, mkimkuta, simameni. Hata dakika moja."

Mama akasema, "Tutasimama, mama."

Baba akaondoa lori.

Barabarani hatuitani majina. Hiyo ni desturi ya zamani, na baba aliigeuza mchezo: yeye alikuwa Usukani, mama alikuwa Chai, mimi nilikuwa Mzigo. Kila baada ya kilomita kumi aliuliza Mzigo unaendeleaje, na mama akajibu Mzigo unalalamika. Kichwa changu kilikuwa mapajani mwake, yeye akiwa kiti cha katikati. Jua lilichomoza karibu saa tano, jekundu, halina joto, likakaa kidogo juu ya miti kama mgeni asiyetaka kuvua koti. Tulipita juu ya mto ulioganda. Tulipita nguzo zilizoinama. Hatukupishana na gari hata moja. Baba alilisifu lori, akalitukana, akalisifu tena. Mama hakucheka.

Saa nane mchana jua lilikuwa limekwisha. Mbele yetu miamba miwili ilisogeleana, na barabara ikapanda katikati yake, nyeupe, inang'aa, imelala upande.

"Usipunguze mwendo," mama akasema.

"Sijapunguza."

Kulikuwa na mti mmoja kileleni, umefungwa vitambaa na singa za farasi, ambapo madereva huacha sadaka. Nilikuwa nikiuona unasogea. Kisha nikaona hausogei. Injini ilikohoa. Ikakohoa tena. Baba aliongea nayo kwa upole kama anavyoongea na ng'ombe anayezaa.

Ikazima.

Sijawahi kusikia kimya namna ile. Kilikuwa na uzito. Kiliingia kebini kikakaa.

Dizeli ilikuwa imeganda kwenye mabomba kama mafuta ya nyama. Baba alitambaa chini ya lori, akaliwasha jiko, akalishikilia chini ya tangi kwa muda mrefu hata jiko lenyewe likazima. Aliporudi, ngozi ya vidole viwili ilikuwa imebaki kwenye chuma. Vioo vilikuwa vimekwisha kufunga barafu kwa ndani. Akasema itabidi tutoke, tukae kwenye moto, tungoje gari. Akasema tunayo matairi matano ya kuchoma: la spea, na manne ya nje ya nyuma. La sita hatuwezi kuligusa. Tukilichoma, hata injini ikiwaka, hatuendi popote.

Matairi matano. Nilihesabu kwa vidole ndani ya glavu.

Tulikaa ubavuni mwa lori, upande usio na upepo, ngozi za farasi chini yetu. Tairi la kwanza liliungua kwa moshi mweusi mzito. La pili pia. Nilikuwa na homa, na homa ilinipa joto ambalo wao hawakuwa nalo. Nililala nikatazama moto. Mama upande huu, baba upande ule, mimi katikati. Tulikuwa watatu.

Halafu tukawa wanne.

Sikumwona akija. Alikuwa amekaa ng'ambo ya moto, amenyoosha mikono, kama mtu aliyefika zamani. Nilifurahi. Nilidhani ni dereva, na nyuma yake kuna gari. Kisha nikaona kope zake. Zilikuwa na barafu, na moto ulikuwa karibu naye, na barafu ile haikuyeyuka. Nikautazama moto. Hapakuwa na upepo. Ndimi zake zilikuwa zimeinama upande wetu, zote, zinamkimbia.

Baba alikuwa wa kwanza kupata sauti. Hakulia wala hakuomba. Alisema, kama tunavyomwambia kila anayekuja motoni, "Karibu, ndugu yangu."

Yule mtu akanitazama mimi.

"Mtoto anaumwa," akasema. Sauti yake ilikuwa ya barafu nyembamba inayokanyagwa.

"Kidole tumbo," baba akasema.

"Anahitaji injini."

"Ndiyo."

"Nipeni jina," akasema. "La aliyenipita. Injini itawaka."

Baba alivua kofia. Sijui kwa nini. Nywele zake zilifanya ukungu.

"Ni mimi," akasema. "Timir. Usukani niliushika mimi."

Tairi lilizima. Halikufifia. Lilizima kama lililomwagiwa ndoo ya maji, na baridi ikatuangukia yote kwa pamoja. Nilisikia meno ya mama. Baba alikimbilia tairi la tatu, akamwaga dizeli iliyobaki kwenye kopo, akapiga kiberiti, cha kwanza, cha pili, cha tatu. Moto uliporudi, yule mtu alikuwa palepale, lakini karibu zaidi.

"Wewe ulikanyaga breki," akamwambia baba. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaeleza. "Niliona taa zako za nyuma. Mbili, nyekundu. Nilizishukuru. Nikakimbia kuzifuata. Nikaanguka, nikainuka, nikacheka. Halafu zikazima."

Baba alikuwa anatazama theluji.

"Mguu hautoki kwenye breki wenyewe. Kuna aliyekwambia twende."

"Hakuna," baba akasema.

Tairi la tatu likazima.

Sasa nilielewa mchezo wenyewe. Kila uongo, tairi moja. Yalibaki mawili. Baba alilivuta la nne kwa viwiko, kwa sababu vidole vilikuwa vimeacha kumsikiliza. Mama hakumsaidia. Mama alikuwa ameketi wima, amenishika bega, anamtazama yule mtu bila kupepesa, na midomo yake ilikuwa inasema kitu. Nilisogeza sikio. Alikuwa anarudia, kwa kunong'ona, "Si Botur. Si Botur. Ni kile kingine. Si Botur."

Kumbe ndivyo alivyokuwa amejiambia kwa miaka kumi na moja.

Moto wa nne ulipowaka, baba alipiga magoti mbele ya mgeni. Alisema achukuliwe yeye. Alisema yeye ndiye mwenye nyumba, na deni la nyumba ni lake.

"Wewe sikukuita," yule akasema. Akagusa koo lake, na koo likalia kama glasi. "Nilimwita mwingine. Nililijua lori. Wiki tatu kabla nililibeba sanduku lake la harusi mgongoni mwangu, nikaliweka mlangoni kwenu, akanipa maziwa ya farasi. Nikasema, nimepona, hawa ni majirani. Nikaliita jina lake. Mara mbili lilitoka. Mara ya tatu likaganda hapa. Halipandi, halishuki. Nikitaka kumwita mama yangu, linaziba."

Kisha akasema, kwa mara ya kwanza akimtazama mama, "Nisaidie kulitoa."

Baba aligeuka, nami nikauona uso wake. Alikuwa anamsihi kwa macho. Hata leo sijui alimsihi aseme au anyamaze.

Mama alisema, "Mzimu ndio huita watu majina. Kila mtu anajua. Ningejuaje?" Sauti yake ilikuwa ndogo, ya msichana. "Aliniita jina, ndiyo maana nikasema twende. Angenyamaza, tungesimama."

Tairi la nne halikuzima. Mgeni alingoja. Aliyoyasema mama yalikuwa kweli, lakini hayakuwa jina, na sote tulijua.

Tulikaa hivyo hadi moto wa nne ukawa waya. Mama hakusema. Baba akaliwasha la tano. Mama hakusema. Namwandika kama alivyokuwa, wala simhukumu: alikuwa na miaka thelathini na mbili na alitaka kuishi. Aliangalia barabara upande wa chini, akaangalia upande wa juu, akitafuta taa za gari. La tano likaanza kushuka.

Ndipo maumivu yangu yalipokoma.

Yalikoma mara moja, kama mtu ameondoa mkono. Nilijisikia mwepesi. Nilifurahi sana, nikamvuta mama koti nimpe habari njema. Nikasema, "Mama, haliumi tena."

Sitausahau uso ule.

Niseme kwanza yaliyofuata, kisha nirudi kwenye moto. Injini iliwaka, na hakuna mkono uliokuwa karibu nayo. Baba aliendesha kilomita mia na tisini akishika usukani kwa vifundo vya mikono. Mjini walinipasua tumbo mimi, wakamkata yeye vidole saba. Madereva waliokwenda asubuhi kuutafuta mwili wa mama hawakuukuta. Hawakukuta nyayo. Walikuta pete nne za waya, mbili bado zina mpira, wakati tulichoma matairi matano.

Ya tano ilikuwa kijijini, kwenye kizingiti cha Bibi Ogdo. Alisema jioni ile mtu alimwita uani. "Mama," alisema, kwa sauti safi, kama mtu aliyekunywa maji. Alipofungua mlango alikuta waya tu. Aliushika, ukamuunguza.

Lori tuliliuza. Aliyelinunua alikuja mwezi wa Julai kulalamika, mbu wamejaa, jasho linamtoka. Kiti cha katikati, alisema, kina barafu, anaikwangua asubuhi na jioni inarudi. Baba alimrudishia pesa zote, akalichoma lori lile shambani. Kiti hakikuungua.

Siku hizi madereva wanasema anayepunga Koo la Farasi ni mwanamke. Baba hawezi kuendesha tena. Husimama getini, pale alipokuwa akisimama Bibi Ogdo, anamwomba kila anayetoka asimame, hata dakika moja. Wote humwambia sawa, mzee. Wake zao huwapakia chapati za maji.

Nirudi kwenye moto.

Mama alivua shali yake akanifunga kichwani, mafundo mawili, kwa nguvu, kama siku za shule. Hakunibusu. Nadhani aliogopa asingeweza kuondoka. Alisimama. Baba alimshika pindo la koti kwa mikono isiyoshika, pindo likapita. Mama alizunguka moto kwa upande wa kushoto, akachuchumaa mbele ya yule kijana. Naye akainamisha kichwa, akamsogezea sikio lililojaa theluji, kwa subira, kama mtu aliyezoea kungoja.

Na mama yangu, ambaye jina lake halijatajwa na mtu yeyote nyumbani kwetu tangu usiku ule, jina ambalo mimi mwenyewe nimelizungukia hadi hapa, akajibu kama anayeitikia kutoka chumba cha pili.

"Saskilana."